Kombo, kichwa na boksi, au pedali ya DI: kipi kitabeba besi yako jukwaani Dar

Ingia duka lolote la vyombo vya muziki Kariakoo, mtazame mpiga besi anayejaribu amplifaya. Anachomeka jeki, anapandisha besi, anapandisha trebo, sauti za kati anazizamisha, kisha anapiga mistari miwili mitatu peke yake. Inatoka nene chini, inang'aa juu, na muuzaji anatikisa kichwa kwa kuridhika. Jumamosi usiku sauti hiyohiyo inakutana na drams, magitaa mawili, kinanda na waimbaji wanne, na inapotea. Waliokaa mezani wanasikia mngurumo tu, noti hawazipati.

Uzi mnene wa E kwenye besi ya nyuzi nne unatoa takriban 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Besi ya nyuzi tano, yenye B ya chini, inashuka hadi karibu 31 Hz. Spika nyingi za jukwaani huko chini kabisa hazifiki kwa nguvu ya maana. Kinacholifanya sikio litambue kwamba hiyo ni E na si F ni sauti zinazozaliwa juu yake, kwenye 82, 124, 165 na kuendelea, pamoja na ule mguso wa kidole unaokaa kati ya 500 na 1,000 Hz. Ukizizamisha sauti za kati, umeifuta noti yenyewe. Ndiyo maana naona amplifaya ya jukwaani haifai kuchaguliwa kwa utamu wake wa dukani. Iangalie itakavyosimama katikati ya vyombo vingine, katika ukumbi unaoujua.

Njia za kufika huko ni tatu: kombo, kichwa (amplifaya peke yake) na boksi lake la spika, au pedali ya DI inayoingia moja kwa moja kwenye mikisa.

Nani anaifikisha besi kwa watu?

Swali hili litangulie chapa, litangulie na wati. Kazi za mpiga besi hapa mjini ziko za aina mbili. Kuna kazi ambazo mziki uliokodiwa, yaani spika na mitambo ya ukumbi, una sabufa za kutosha, mikisa ina nafasi, na fundi mitambo anajua anachokifanya: makanisa makubwa, kumbi za harusi, matamasha ya pale Leaders Club. Huko amplifaya yako ni ya kukusikilizisha wewe na mpiga drams. Watu wanakula sauti ya sabufa.

Halafu kuna baa ya wazi ya Sinza, Tabata au Mbagala. Spika mbili zimesimama juu ya stendi, zimebeba waimbaji na kinanda, na zimeshachoka kabla ya wimbo wa tatu. Ukiisukumia besi humo, sauti za waimbaji zinaanza kukwaruza. Hapo amplifaya yako ndiyo inayowafikia watu, na hakuna wa kukuokoa.

Muziki wa dansi unalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Bendi kama Msondo Ngoma, ambayo mizizi yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, au Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 na ambayo wengi tunaiita Sikinde, zimejenga nyimbo zake juu ya magitaa yanayosukana. Besi humo haikai chini kugonga noti moja. Inauliza, inanyamaza, inajibu. Noti moja ikimezwa na mngurumo, mpiga rizimu anakosa pa kuegemea na wachezaji wanakosa hatua. Mtu wa dansi anahitaji sauti za kati kuliko anavyohitaji wati, na nitalirudia hilo hadi nichokwe.

Kombo

Amplifaya na spika ndani ya sanduku moja. Ukifika unachomeka umeme na gitaa, basi. Inaingia kwenye bajaji, na mtu mmoja anaibeba. Kwa anayeanza, au kwa mwenye kazi moja kila wiki sehemu ileile, kombo haina mpinzani kwa urahisi.

Shida inaanza kwenye namba. Amplifaya ya vali (zile taa za kioo za kukuzia sauti) ya wati 30 inaweza kulipaza gitaa la solo likajaza ukumbi mdogo. Besi kwa sauti ileile inadai mara kadhaa ya hizo, kwa sababu masikio yetu ni mazito kwa sauti za chini. Fender Rumble 100, yenye spika moja ya inchi 12 na uzito wa kilo 10 hivi, inatosha kwa mazoezi, kwa kwaya yenye drams za kielektroniki, na kwa hoteli ambako watu wanakula na hawataki kupigiwa kelele. Iweke mbele ya mpiga drams wa sebene uone inavyokohoa. Ndugu yake, Rumble 500, ina spika mbili za inchi 10 na haifiki kilo 17. Ila usome vizuri: ikiwa peke yake inatoa wati 350, na zile 500 zinapatikana ukiichomekea boksi la nje. Kombo nyingi zinauzwa kwa mtindo huo, namba kubwa mbele, sharti lake nyuma. Kwa bendi yenye drams za kupigwa kwa fimbo nisingeshuka chini ya wati 200, na ningependelea 300.

Halafu kuna hesabu ambayo muuzaji hakuambii. Ukipandisha nobu ya besi kwa desibeli 6, unaidai amplifaya nguvu mara nne katika eneo hilo la chini. Kombo ya wati 200 uliyoipandishia besi hadi mwisho haina tena wati 200 za kukupa kwenye noti. Imeshazitumia kutikisa hewa ambayo watu hawaitambui kama muziki, na spika inaanza kubweka. Tabia hii ndiyo inayoua kombo nyingi hapa mjini.

Kasoro nyingine ni mahali inapokaa. Kombo inawekwa chini, nyuma yako, inapiga magoti. Wewe unasikia besi hafifu, unapandisha, na aliyekaa mita sita mbele anapasuka kifua. Iinue juu ya kreti ya bia, au iegemeze nyuma ielekee masikio yako. Isogeze pia mbali na kona. Sakafu na kuta zinaongeza sauti za chini, na kona inaziongeza zaidi, ndiyo maana amplifaya ileile inavuma kwenye kona na inasafishika ukiivuta mita moja na nusu. Kreti hiyo ya bure inafanya kazi ambayo ekwalaiza ya bei mbaya haiwezi.

Kichwa na boksi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea na ndipo pia sauti nzuri nyingi zinapopatikana.

Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa SVT: wati 300 za vali, na boksi lenye spika nane za inchi 10. Enzi hizo mziki wa ukumbini ulibeba waimbaji zaidi, mpiga besi akajaza ukumbi mwenyewe. Sauti yake imebaki kipimo hadi leo. Lakini boksi la aina hiyo peke yake linazidi kilo 60, na kichwa chake nacho kinataka watu wawili wasiogombana. Kwa Dar hicho ni chombo cha bendi yenye gari lake na ukumbi wake wa kudumu. Ukikodi kirikuu kila Ijumaa kwa ajili ya boksi moja, mwisho wa mwezi umeshamlipa dereva kuliko ulivyojilipa wewe.

Kilichobadilisha mambo ni vichwa vyepesi vya kisasa. Markbass Little Mark III, ya Italia, haifiki kilo 3 na inatoa wati 500 kwenye omu 4, au 300 kwenye omu 8. Unaitia kwenye begi la mgongoni, unapanda mwendokasi. Wapo wazee wa kazi wanaosema vichwa hivi havina "uzito" wa vali, na kwa kiasi fulani nawaelewa: vali ikibanwa inanenepa taratibu na kupendeza, ilhali kichwa chepesi kikizidiwa kinakata ghafla. Dawa ni kutokifikisha huko, na njia ya kutokifikisha huko ni boksi.

Sasa omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme wa kichwa, maana vichwa vingi vinaungulia hapo. Boksi mbili za omu 8 zikichomekwa pamoja kwenye kichwa kimoja, kichwa kinaona omu 4, na hiyo ni salama kwa vichwa vingi. Boksi mbili za omu 4 zinafanya omu 2, na kichwa kisichoandikiwa omu 2 kitazima, au kitaungua. Kwa hiyo ukinunua boksi la kwanza, nunua la omu 8 hata kama linakunyima wati kadhaa leo. Umejiachia nafasi ya la pili. Na waya wa kutoka kichwani kwenda kwenye boksi uwe waya wa spika kweli, usiwe wa gitaa. Kwa macho ya nje vinafanana, ila wa gitaa ni mwembamba ndani na unapata moto.

Kuongeza boksi kuna faida kuliko kuongeza kichwa. Ukitoka wati 300 kwenda 600 kwa boksi lilelile, umepata desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida katikati ya bendi. Ukiongeza boksi la pili linalofanana na la kwanza, unaweza kupata hadi desibeli 6 kwa sauti za chini, kwa kuwa spika zimeongezeka na kichwa nacho kimeachia nguvu zaidi. Zipange moja juu ya nyingine, usizilaze ubavu kwa ubavu. Ya juu inakufikia masikioni, na sauti inasambaa vizuri zaidi kushoto na kulia.

Kuhusu ukubwa wa spika, mjini hapa kuna imani kwamba inchi 15 ndiyo besi na inchi 10 ni ya kelele za juu. Boksi la SVT la inchi 10 nane linaikanusha imani hiyo kila linapopigwa. Ujazo wa boksi na utengenezaji wa spika vina neno kubwa kuliko kipenyo. Ninavyosikia mimi, boksi moja zuri la inchi 12 ndiyo suluhu ya kazi nyingi za Dar: linabebeka kwa mkono mmoja, linatoa sauti za kati bila kulazimishwa, na ukiliongezea mwenzake unapiga ukumbi wowote wa harusi.

Hartke nayo ina wapenzi wake. HA3500 ina wati 350 kwenye omu 4, inachanganya vali na transista upande wa kuingilia, na ina ekwalaiza yenye vitelezi 10. Boksi zake za koni za aluminiamu zina mlio mkali wa chuma ambao mpigaji wa injili anayechapa nyuzi kwa dole gumba ataupenda. Kwa dansi ningezishusha kidogo juu ya 2,000 Hz. Na vitelezi 10 ni mtego: mkono unavichora umbo la tabasamu, pembeni juu na katikati chini, tunarudi kulekule dukani Kariakoo.

Pedali ya DI

Pedali ya aina hii inapokea besi, inaitengeneza, na kuitoa kwa waya wa XLR ambao unaweza kukimbia makumi ya mita hadi kwenye mikisa bila kuokota kelele. Tech 21 ndio waliotoa SansAmp, na toleo lao la Bass Driver DI limepita majukwaa mengi duniani. Behringer BDI21 inafuata njia hiyohiyo kwa bei ya chini sana. Ndani yake mna mzunguko unaoiga tabia ya spika, yaani unakata zile sauti za juu kali ambazo spika ya besi isingezitoa. Bila huo, besi iliyochomekwa moja kwa moja kwenye mikisa inasikika kavu na ya kikwaruzo.

Kwa kanisa lenye mziki mzuri, pedali hii inazishinda njia nyingine zote mbili, na si kwa tofauti ndogo. Jukwaa linanyamaza, waimbaji wanajisikia, fundi mitambo anakupanga anavyotaka, na wewe umekuja na kitu kinachoingia mfuko wa begi la gitaa. Lakini umeikabidhi sauti yako mikononi mwa mtu mwingine. Kama monita jukwaani ni moja na imeelekezwa kwa mchungaji, utapiga ibada nzima kwa kubahatisha. Ukiwa na vipokea sauti vya masikioni, tatizo linakwisha. Bila hivyo, amplifaya ndogo pembeni yako inahitajika.

Kuna ugomvi ambao pedali wala amplifaya haitautatua: mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Makanisani wanapenda besi ya nyuzi tano, na mpiga kinanda anapenda kujaza chini. Wote wawili mkikaa chini ya 150 Hz, hakuna ekwalaiza itakayowatenganisha. Mwombe apande oktavo moja, au aache mkono wa kushoto upumzike kwenye pambio. Mwambie kwa adabu, mkiwa wawili, kabla ya mazoezi. Ukimwambia mbele ya kwaya, umejitafutia kesi.

Jambo dogo la kiufundi: pedali nyingi na vichwa vingi vina kitufe cha kukata adi (muunganisho wa ardhi) kwenye waya wa XLR, cha kutumia pale unaposikia mlio wa 50 Hz usiokoma. Kibonyeze kwanza kabla hujamlaumu mtu. Kichwa chenye DI yake kinaweza pia kuwa na kitufe cha kuchagua kama sauti itoke kabla ya ekwalaiza au baada yake. Fundi mitambo akiwa hodari, mpe ya kabla, ili ukijirekebishia jukwaani usimharibie yeye kule nje. Atakachokuambia mara nyingi ni, "Kaka, punguza jukwaani, mimi nitaipandisha huku." Mwamini, ila wakati wa majaribio chukua waya mrefu ushuke ukasikilize mwenyewe. Wimbi la E ya chini lina urefu wa mita nane na nusu hivi katika joto letu, linagonga kuta na kurudi, na linajijaza au kujifuta mahali tofauti ukumbini. Unachosikia karibu na drams hakikuambii chochote kuhusu meza ya nyuma.

Umeme na hewa ya bahari

Umeme wetu ni volti 230. Amplifaya iliyotoka Marekani bila kibadilishi inataka 120, na ya Japani 100. Chombo cha mtumba kigeuze usome nyuma kabla hujatoa hela. Ikibidi transfoma, hesabu uzito wake na bei yake kama sehemu ya amplifaya. Vichwa vyepesi vingi vya kisasa vinapokea 100 hadi 240 bila kuguswa, na vinavumilia zaidi jenereta ya baa inayoyumba kila friji linapowaka. Vyombo vyenye transfoma nzito vinahitaji stabilaiza. Vali nazo: kabla ya kununua, ujue spea utazipata kwa nani, na fundi gani atazipima.

Unyevu na chumvi vinazikwaruzisha nobu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme, mara mbili kwa mwaka, inatosha.

Ningenunua nini

Kwa kijana wa kanisa lenye mikisa na sabufa: pedali ya DI, na hela iliyobaki akanunue nyuzi mpya na waya imara. Amplifaya isubiri.

Kwa mpiga besi wa bendi ya baa, anayezunguka wiki nzima na hajui mziki wa kesho utakuwaje: kichwa chepesi chenye DI na boksi moja la inchi 12 la omu 8. Kinagharimu zaidi ya kombo, lakini kimoja kikifa hujafiwa na vyote, na siku bendi ikikua unaongeza boksi badala ya kuuza na kuanza upya. Bajeti ikikataa, kombo ya wati 200 au 300 na kreti.

Kwa bendi ya dansi yenye ukumbi wake: boksi kubwa, hata vali, kama kuna wabebaji na fundi. Sauti ile haina mbadala kamili, na aliyewahi kusimama mbele yake anajua.

Chochote utakachochagua, anza na nobu zote katikati. Ukumbi wa bati na vigae ukivuma, punguza karibu na 200 hadi 250 Hz. Noti zikipotea, ongeza kati ya 400 na 800, hata kama ukiwa peke yako inasikika kama besi inaongea puani. Kama kuna kichujio cha sauti za chini, kata chini ya 35 au 40 Hz na spika itapumua. Na dukani uende na besi yako mwenyewe pamoja na mtu wa kukupigia mdundo, hata kwa kugonga kaunta, usikilize kama noti zinabaki pale kelele inapoanza.